Je, wajua kwa nini watu 20,000 walijaza ukumbi kumpokea kocha mpya wa timu ya chuo?

Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024, katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky nchini Marekani, watu wapatao 20,000 walifurika katika ukumbi wa Rupp Arena. Hakukuwa na mechi siku hiyo, wala hakukuwa na mchezaji hata mmoja wa kumtazama. Walikuwa wamekuja kumsikiliza Mark Pope, kocha mkuu mpya wa timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Kentucky, akizungumza kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Basi liliingizwa hadi ndani ya ukumbi, mlango wake ukafunguliwa, na Pope akashuka pamoja na wachezaji wa zamani wa chuo hicho huku ameshika kombe la ubingwa wa taifa la mwaka 1996, kombe ambalo yeye mwenyewe alishiriki kulitwaa akiwa nahodha mwenza. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe.

Ukiishia hapo, unaweza kudhani kwamba huyu ndiye kocha aliyekuwa akisubiriwa kwa hamu. Haikuwa hivyo. Usiku wa Alhamisi, siku tatu tu kabla ya sherehe hiyo, jina lake lilipoanza kutajwa kuwa ndiye atakayechukua nafasi iliyoachwa wazi, mashabiki wengi wa Kentucky walighadhabika. Walikuwa wanatarajia jina kubwa, wakaletewa mtu ambaye katika maisha yake yote ya ukocha mkuu hakuwa ameshinda hata mechi moja katika mashindano ya taifa ya vyuo. Ilikuwaje basi ghadhabu hiyo igeuke furaha ya namna ile ndani ya siku tatu? Na kwa nini, kwanza kabisa, uteuzi wa kocha wa timu ya wanafunzi uwasumbue watu kiasi hicho?

Jibu la swali la pili liko katika mfumo wenyewe wa michezo ya vyuo vya Marekani. Katika nchi nyingi kijana mwenye kipaji hulelewa na klabu, lakini huko hupitia chuo kikuu, na muda wake chuoni una kikomo. Zamani mchezaji alikaa miaka minne, na mashabiki walimwona akikua tangu alipokuwa kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza hadi akawa nguzo ya timu. Kuanzia mwaka 2006 ligi ya kulipwa ya NBA iliweka sharti kwamba kijana wa Kimarekani awe ametimiza umri wa miaka 19 na uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu darasa lake lihitimu sekondari, na matokeo yake ni kwamba wale wenye vipaji vikubwa zaidi walianza kucheza chuoni msimu mmoja tu kisha kuondoka. Mwaka 2021 wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika biashara, na mwaka huohuo wakaruhusiwa pia kuhama chuo mara moja bila kulazimika kukaa nje msimu mzima. Kwa hiyo shabiki anayenunua tiketi mwezi Novemba hana hakika kama mchezaji anayempenda atakuwapo msimu ujao.

Katika hali hiyo, anayebaki ni kocha. Yeye ndiye anayewachagua wachezaji, ndiye anayeamua timu icheze vipi, na ndiye ambaye sura yake inaonekana mwaka baada ya mwaka ilhali majina mgongoni mwa jezi yanabadilika. Naona hapa ndipo kiini cha jambo hili kilipo: katika mpira wa kikapu wa vyuo, kumchagua kocha ni kuchagua tabia ya timu kwa muongo mzima, na mashabiki wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Kentucky imelijua kwa karibu karne moja. Tangu mwaka 1930 hadi 2024 chuo hicho kilikuwa na makocha wakuu saba tu. Wa kwanza wao, Adolph Rupp, alikaa miaka 42, akashinda mechi 876 na ubingwa wa taifa mara nne, katika miaka ya 1948, 1949, 1951 na 1958. Huyu ndiye ambaye ukumbi umepewa jina lake, ingawa historia yake haina budi kusimuliwa yote, maana timu yake ndiyo iliyoingia katika fainali ya mwaka 1966 ikiwa na wachezaji weupe watupu na kufungwa na Texas Western, ambayo wachezaji wake watano walioanza mechi wote walikuwa weusi. Baada yake Joe B. Hall alitwaa ubingwa mwaka 1978, Rick Pitino mwaka 1996, Tubby Smith, kocha mkuu wa kwanza mweusi wa timu hiyo, mwaka 1998, na John Calipari mwaka 2012. Kati ya wale saba, wawili tu ndio walioondoka bila ubingwa: Eddie Sutton, aliyejiuzulu mwaka 1989 wakati chuo kikikabiliwa na adhabu kwa kuvunja kanuni za usajili, na Billy Gillispie, aliyefukuzwa mwaka 2009 baada ya misimu miwili. Mabango ya ubingwa wa taifa yaliyoning'inizwa juu ya uwanja ni manane, na kila kocha mpya hukaa chini yake akijua kwamba atapimwa nayo.

Kuna sababu nyingine ambayo mtu wa mbali huenda asiione upesi. Jimbo la Kentucky halina timu katika ligi yoyote kati ya zile kubwa za kulipwa za Marekani. Liliwahi kuwa na Kentucky Colonels, mabingwa wa ligi ya ABA mwaka 1975, lakini ligi hiyo ilipovunjika mwaka 1976 na timu zake nne kupokelewa NBA, Colonels haikuwa miongoni mwa hizo nne, ikafa. Mwaka huohuo Rupp Arena ilifunguliwa. Hivyo mkulima au mchimba makaa wa milima ya mashariki, ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja katika chuo hicho, anaihesabu timu hiyo kuwa yake kama profesa anavyoihesabu, na huenda zaidi. Katika jimbo hilo kocha wa mpira wa kikapu hutajwa na kujadiliwa kuliko gavana.

Sasa turudi kwenye ghadhabu ile ya Aprili 2024, kwa sababu haikuanza na Pope. Calipari alianza kazi mwaka 2009 na kwa miaka sita ya mwanzo aliwapa mashabiki karibu kila walichotaka: aliifikisha timu kwenye nusu fainali ya taifa mara nne, na katika msimu wa 2014/15 timu yake ilishinda mechi 38 mfululizo kabla ya kufungwa na Wisconsin kwenye nusu fainali. Baada ya hapo mambo yakaanza kuchacha. Msimu wa 2020/21 timu ilishinda mechi 9 na kupoteza 16. Mwaka 2022 ilitolewa katika mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City ambacho wengi hawakuwahi kukisikia. Tarehe 21 Machi 2024 ilitolewa tena katika mechi ya kwanza, safari hii na Oakland ya Michigan, kwa pointi 80 kwa 76, na mtu aliyewaua ni Jack Gohlke, mchezaji wa akiba ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mbali na kutupa, na siku hiyo alifunga mitupo 10 ya pointi tatu. Mashabiki waliona kuwa basi, imetosha. Lakini mkataba wa Calipari ulikuwa umeandikwa kwa namna ambayo kumfukuza kungekigharimu chuo dola zaidi ya milioni 30, na mkurugenzi wa michezo, Mitch Barnhart, akatangaza kwamba kocha anabaki.

Wiki mbili baadaye Calipari akaondoka mwenyewe kwenda Chuo Kikuu cha Arkansas, akieleza kwamba timu inahitaji kusikia sauti nyingine. Mashabiki wakapumua, na matumaini yao yakapanda juu mno. Wakamtaja Dan Hurley wa Connecticut, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa ametwaa ubingwa wake wa pili mfululizo. (Wasomaji wa Tanzania wanakijua chuo hicho kwa sababu ndicho alichochezea Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam kabla ya kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa mwaka 2009.) Hurley akasema haondoki. Wakamtaja Scott Drew wa Baylor, bingwa wa mwaka 2021. Naye akasema anabaki alipo. Ndipo usiku ule wa Alhamisi jina la Pope likajitokeza, na ukimweka baada ya mabingwa wawili waliokataa, hakuna aliyeshangaa kwamba mashabiki walijiona wamepewa makombo. Pope alikuwa ameifundisha Utah Valley, kisha Brigham Young kwa misimu mitano, akishinda mechi 110 na kupoteza 52. Rekodi hiyo ilikuwa nzuri, lakini timu yake ilikuwa imeingia katika mashindano ya taifa mara mbili na kutolewa mara zote mbili katika mechi ya kwanza.

Kilichobadilisha hali si takwimu mpya, kwa sababu hakuna mechi iliyochezwa kati ya Alhamisi na Jumapili. Kilichobadilika ni kipimo. Wachezaji wenzake wa mwaka 1996 walijitokeza mmoja baada ya mwingine kumsemea, na Pitino, aliyekuwa kocha wao, akamsifu hadharani. Watu wakakumbuka kwamba Pope alianzia Chuo Kikuu cha Washington, akahama na kukubali kukaa nje msimu mzima kama kanuni za wakati ule zilivyotaka, ili tu aje kuivaa jezi ya Kentucky. Wakakumbuka pia kwamba baada ya kustaafu kucheza alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akaacha masomo hayo ili aanze ukocha kutoka chini kabisa. Mabingwa wakubwa walikuwa wameitwa wakakataa, na huyu aliitika. Kwa mashabiki waliokuwa na hofu kwamba kazi yao haitamaniki tena, kumwona mtu anayeiona kazi hiyo kuwa heshima kuliko zote kulikuwa dawa. Na aliposimama mbele yao hakujitetea. Aliwaambia kwamba anaelewa alichotumwa kufanya, nacho ni kuleta mabango ya ubingwa.

Siafiki wale wanaosema kwamba umati ule ulipumbazwa na basi na kombe. Mashabiki hao walikuwa wameishi miaka 15 na kocha aliyeleta vijana bora wa nchi nzima, ambao wengi wao walipita kwa miezi michache, na walikuwa na njaa ya mtu wa kwao. Kwamba walikuwa na akili zao timamu kulionekana katika jambo moja: siku ile Pope hakuwa na kikosi cha kutegemea. Kanuni za wakati huo ziliwapa wachezaji siku 30 za kuhama kocha anapoondoka, na hatimaye wachezaji waliokuwa na ufadhili wa masomo wote waliondoka, wengine kwenda NBA, wengine vyuo vingine, na baadhi wakamfuata Calipari. Watu walishangilia timu ambayo bado haikuwapo, wakilijua hilo.

Mwezi Oktoba, katika sherehe ya kufungua mazoezi ya msimu, Pitino mwenyewe alitokea Rupp Arena na kushangiliwa vikali, ingawa kwa miaka 16, kuanzia 2001, alikuwa amewafundisha Louisville, mahasimu wakubwa wa Kentucky, na kwa hilo alichukiwa sana. Ujio wa Pope ulikuwa umemfungulia mlango. Calipari hakupata msamaha huo. Aliporudi na Arkansas tarehe 1 Februari 2025 alizomewa na ukumbi mzima, na timu yake ikashinda kwa pointi 89 kwa 79.

Msimu huo wa kwanza Pope aliunda kikosi kwa kukusanya wachezaji wakongwe kutoka vyuo mbalimbali, wakaifunga Duke mwezi Novemba, wakaifunga Tennessee mara mbili katika ligi, kisha wakafungwa na Tennessee hiyohiyo katika hatua ya 16 bora ya taifa, wakamaliza na ushindi 24 na vipigo 12. Miongoni mwa waliopendwa sana alikuwa Travis Perry, kijana wa Kentucky aliyefunga pointi nyingi kuliko mvulana yeyote katika historia ya mpira wa kikapu wa sekondari za jimbo hilo. Msimu ulipokwisha, Perry alihamia Chuo Kikuu cha Mississippi, na Pope akarudi sokoni kutafuta wachezaji wengine.