Kwa nini askari wa hifadhi huichoma nyika wenyewe?

Je, wajua? Ukipita hifadhi za Katavi, Rungwa au Ruaha, Tanzania, mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, unaweza kuwakuta askari wa wanyamapori kando ya barabara, viberiti mkononi, wanawasha nyasi za pori lilelile wanalolilinda. Askari haohao Septemba watakesha wakizima moto. Mgeni huona kichekesho. Wenyewe huita kazi hiyo uchomaji wa mapema, na sababu yake imo kwenye kalenda ya nyasi.

Ukanda wa miombo, yaani mapori ya miti kama myombo na mtundu, unaotoka magharibi na kusini mwa Tanzania ukashuka Zambia, Malawi na Msumbiji mpaka Angola, hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hukaa kama miezi sita mikavu. Nyasi zinazoota wakati wa mvua hurefuka zikampita mtu. Ardhi ya miombo haina rutuba nyingi, kwa hiyo nyasi zikikomaa huwa ngumu na duni kwa chakula, na wanyama huziacha nyingi zimesimama. Hapo moto haukosi kuja. Mrina asali ataacha kijinga chini ya mti, mfugaji atachoma apate majani mabichi, jangili atachoma aone mbali, na radi za kwanza za msimu nazo zimo. Mhifadhi hawezi kuliamuru pori lisiungue. Anachoweza kuchagua ni tarehe na saa.

Tofauti ya tarehe inapimika. Ukali wa moto ni zao la mambo matatu: joto linalotoka kwenye kila kilo ya nyasi, uzito wa nyasi zinazoungua, na mwendo wa moto. Kilo moja ya nyasi kavu hutoa takribani kilojuli 17,000. Tuchukue mfano wa Juni, mashina mengine yakiwa bado mabichi: gramu 300 zinaungua katika kila mita ya mraba, na moto unatembea mita 6 kwa dakika. Kila mita ya mstari wa moto itatoa kama kilowati 510. Sasa njoo Septemba. Nyasi zote zimekufa, majani ya miti yameanguka juu yake, upepo umeamka: gramu 500, mita 30 kwa dakika. Hesabu inapanda hadi kilowati 4,250, zaidi ya mara nane. Moto wa kwanza mtu huukaribia akaupiga kwa tawi bichi. Wa pili, ambao watu wa hifadhi huuita moto kichaa, haukaribiki kwa mbele.

Miti nayo huupokea kila mmoja kwa namna yake. Juni mtundu na myombo zimetulia. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, kabla hata ya mvua, zinatoa majani mapya mekundu na maua ambayo nyuki wanayasubiri. Moto wa wakati huo unababua vichipukizi na kuua miche iliyo mifupi kuliko mtu. Huko Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanza mwaka 1933 yalionyesha jambo hili wazi. Viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti vikaelekea kuwa nyika tupu, vilivyochomwa mapema vilibaki pori la miti, na vilivyokingwa kabisa vilisonga kuwa msitu mzito. Mninga una mbinu yake: mche hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini, mpaka siku unaporuka kwa kasi ukapita kimo cha miali. Ukikutana na moto kichaa kila mwaka, siku hiyo huchelewa sana.

Kuna faida nyingine ambayo watalii huiona bila kujua chanzo chake. Nyasi zikiungua Juni, udongo bado una unyevu, na baada ya siku chache machipukizi mabichi hutokea pasipo mvua. Palahala, korongo (yule swala, si ndege), kongoni na tohe huyafuata. Mwewe nao huja siku yenyewe ya moto, wakidaka panzi wanaoukimbia. Asiyeweza kukimbia, kobe kwa mfano, huponea kwenye kipande ambacho hakikuungua, na ndiyo maana vipande hivyo huachwa makusudi.

Kazi yenyewe huanza mlimani. Vilele na miteremko ya kichanga hukauka kwanza, mbuga za bondeni zenye udongo mweusi hukauka mwisho. Ukichoma vilele wakati mbuga ni mbichi, moto unafika kwenye ubichi ukajifia wenyewe. Wiki chache baadaye, mbuga zikikauka, vilele vilivyokwisha kuungua ndivyo vinavyokuwa kinga. Kosa la wasiozoea ni kwenda kinyume: wanaanzia bondeni kwa sababu ndiko barabara iliko, nyasi hazishiki, wanarudi nyumbani, na wanaporudi tena ni Agosti.

Kabla ya kuwasha, jaribu kichaka kimoja upande ambao upepo unaelekea barabarani, ukitazame dakika kumi. Moto mzuri wa mapema huacha madoa: huku umeungua, kule umeruka. Ukiona unakula kila kitu umechelewa. Katika nyika za Afrika Kusini, mwongozo wa kuondoa nyasi kuukuu bila kuumiza miti ni hewa isiyozidi nyuzijoto 20, unyevu wa hewa zaidi ya asilimia 50, upepo usiozidi kilomita 20 kwa saa, na ukali usiopita kilowati 1,000 kwa mita. Upepo mtulivu kabisa nao si mzuri, maana ukija kuamka hujui utageukia wapi.

Saa ya kuwasha ni alasiri, kuanzia saa tisa au saa kumi, ili baridi na umande wa usiku viumalize moto. Kinachowashwa asubuhi hukutana na upepo wa saa sita mchana kikiwa na nguvu zake zote. Kopo la kudondoshea moto hujazwa dizeli sehemu tatu na petroli sehemu moja. Petroli tupu hulipuka na kuisha kabla ya kugusa nyasi, dizeli tupu haishiki upesi. Wawashaji hutembea sambamba na barabara, wakidondosha nukta badala ya mstari mmoja mrefu, kwa kuwa nukta zikiachana huzaa yale madoa. Nyuma yao wapo wenye mabomba ya maji ya mgongoni na fito zilizofungwa vipande vya mpira mwishoni. Mpira hubonyezwa juu ya mwali kuukosesha hewa. Anayepiga kwa hasira hurusha cheche.

Wengi hudhani moto unaorudi kinyume na upepo ndio wa upole. Kwa miti ni kweli, miali yake ni mifupi. Lakini unatambaa polepole, joto linakaa chini muda mrefu, na vitako vya nyasi vinaumia kuliko vikipitiwa na moto wa mbio.

Si kila hifadhi inahitaji kiberiti kingi. Serengeti, ugonjwa wa sotoka ulipokoma baada ya ng'ombe wa jirani kuchanjwa, nyumbu waliongezeka kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi, mioto ikapungua, miti ikarudi. Na yapo maeneo ambayo hayachomwi kabisa: misitu ya kando ya mito, na misitu ya milimani. Kilimanjaro, moto unaopanda juu unakula misitu ile inayokamua maji kwenye ukungu, na ule wa Oktoba 2020 uliwaka siku nyingi.

Moto mwingi unaotoroka hutoroka kesho yake. Usiku nyasi zimezimika, watu wamelala, ila gogo limebaki linafuka ndani kwa ndani. Saa tano asubuhi kisulisuli kinapita, kinachukua kaa moja, kinalitupa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo asubuhi na mapema askari wawili hurudi kutembea ukingo mzima. Kila gogo lenye moshi hupasuliwa, hutolewa nje ya ukingo au hufukiwa udongo, kisha hupapaswa kwa nyuma ya mkono, sehemu inayohisi joto kabla ya kuungua.