Oganoidi Kutuna Si Seli Kugawanyika

Tangu watafiti Sato na Clevers walipoonyesha mwaka 2009 kwamba seli shina moja (seli inayozaa seli za aina nyingine) ya utumbo wa panya inaweza kuotesha ndani ya jeli kifano kidogo cha utumbo, yaani oganoidi, maabara nyingi zimekuwa zikiuliza: seli zake zinagawanyika kwa kasi gani? Majibu mengi huharibikia kwenye kipimo.

Dhana: Oganoidi ikinenepa, seli zimeongezeka.

Ukweli: Oganoidi ya utumbo ni kifuko chenye uwazi katikati. Ukiitia kemikali ya foskolini, seli husukuma kloridi ndani ya uwazi huo kupitia protini ya CFTR, maji yakafuata, na kifuko kikatuna kwa saa chache tu. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi waligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu CFTR, kwa kuwa oganoidi za wagonjwa hutuna kidogo mno au hazituni kabisa. Basi anayepima kipenyo huenda anapima maji huku akiandika habari za seli. Mimi makala yenye kipenyo peke yake huisoma kwa jicho la shaka.

Dhana: Kipimo cha ATP, molekuli ya nishati ya seli, huhesabu mgawanyiko.

Ukweli: Huonyesha nishati ya seli zilizo hai, basi. Seli ya Paneth, mojawapo ya seli za utumbo, haigawanyiki, lakini ATP inayo.

Dhana: Ki-67 na EdU, alama mbili za seli zinazogawanyika, ni mamoja.

Ukweli: Ki-67 ni protini ya seli iliyomo kwenye mzunguko wa kugawanyika, hatua yoyote ile, isipokuwa iliyopumzika. EdU ni kemikali inayofanana na kijenzi cha DNA, nayo huingia kwenye DNA inayonakiliwa tu: ukiiweka saa moja, zitang'aa zilizokuwa zikinakili saa hiyo. Ndiyo maana hesabu ya Ki-67 huwa kubwa zaidi, wala hakuna iliyokosea. Ukitaka seli zinazojigawa mbili sasa hivi, tafuta histoni H3 (protini inayozungushiwa DNA) yenye fosfati.

Dhana: Picha ya kati ya oganoidi inatosha.

Ukweli: Katika oganoidi ya panya iliyokomaa, seli zinazogawanyika hujikusanya kwenye vichipukizi, yaani vinundu vinavyochomoza kifukoni. Picha ikipita katikati ya kifuko utazikosa. Ikipita kwenye chipukizi utaona zimejaa. Piga picha tabaka zote, kisha gawanya hesabu ya seli zenye alama kwa idadi ya viini vyote. Tena taja umri wa oganoidi kwa siku na chakula cha seli: ukiongeza Wnt3a, protini inayochochea seli kugawanyika, vichipukizi hupotea, unabaki na tufe lililojaa seli zinazogawanyika.