Mashine ikichemsha: mkojo si ushahidi

“Imezeeka, ndiyo maana inachemsha.” Utaambiwa hivyo siku unarudi Mikindani umevutwa kwa kamba na boti ya mwenzio. Si kweli. Kinachochemsha mashine ya kupachika, yaani injini inayofungwa nyuma ya boti, mara nyingi ni maji ya kuipoza kutofika yanapotakiwa. Mashine kongwe yenye njia safi huenda Msimbati na kurudi. Mpya iliyonyonya mfuko wa plastiki hukufia hata hujatoka ghubani.

“Inakojoa vizuri, basi maji yanazunguka.” Hapa tumeumia wengi, nami nimo. Ule mchirizi unaotoka pembeni mwa mashine, tunaouita mkojo, ni tawi dogo tu la maji. Unaonyesha kwamba pampu inasukuma, hauonyeshi kama njia za ndani ya hedi, yaani kichwa cha injini, zimezibwa na chumvi. Kinyume chake, ukikatika ghafla, pengine ni nyigu tu aliyejenga tope kwenye kitundu boti ilipolala nchi kavu. Zima mashine, penyeza mshipi mnene wa kuvulia, uone kama mchirizi utarudi.

Ukirudi dhaifu, shuka kwenye impela, yaani ule mpira wenye mabawa uliofichwa chini, juu tu ya gia. Adui yake ni mchanga. Maji yakipwa tunapenda kuvuta mashine mahali pa kupiga upondo, na kila tukifanya hivyo pampu inakunywa mchanga, mabawa yanalika. Kuiwasha nchi kavu “kuijaribu tu” ni kubaya zaidi. Impela huungua kwa muda mfupi sana kwa sababu maji ndiyo mafuta yake.

Mwaka fulani nilibadilisha impela, nikaona ya zamani ina bawa moja pungufu. Sikulitafuta. Wiki ileile mashine ikachemsha tena, na kile kipande tukakikuta kimekwama kwenye bomba la kupandishia maji. Bawa likikatika, lisakwe.

“Toa themostati, itapoa.” Huu ni ushauri wa gereji za magari kuhusu kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kwa kufuata joto. Themostati nyingi za mashine za kupachika hufunguka kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, chini kuliko za gari, maana maji ya bahari yakipashwa sana chumvi huganda ndani. Ukiitoa, mashine hukimbia ikiwa baridi, petroli haiungui sawasawa, plagi zinajaa masizi. Ipime kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni: maji yakichemka nayo bado imejifunga, tupa, nunua nyingine.

“Zidisha oili kwenye petroli.” Oili hulainisha, haileti maji. Kama mashine yako inataka 50 kwa 1, lita 20 za petroli ni mililita 400 za oili, basi.

Wenye dizeli za ndani ya chombo nao hulaumu pampu peke yake, wakati kiwiko cha ekzosi, lile bomba lililopinda la kutolea moshi, kimejaa kutu na masizi, maji na moshi havina pa kutokea. Kifungueni mkitazame. Ila kifuniko cha maji ya kupozea msikiguse mpaka injini ipoe. Mvuke wake huchubua uso.

“Imwagie maji ya bahari ipoe upesi.” Hedi yenye moto ikipigwa na baridi ya ghafla hupinda au kupasuka. Zima, tia nanga, subiri.

Kuna na wanaosema kuisuuza kwa maji matamu ni anasa, hasa mahali maji yanaponunuliwa kwa ndoo. Kata pipa la kuisimamishia mashine, toa propela, weka gia huru, hakikisha maji yamepanda juu ya pampu, kisha iache ingurume polepole dakika 10. Ni ndoo tano au sita. Hedi moja iliyopinda itakula samaki wa safari ngapi, hesabu mwenyewe.