Kingamwili za ELISA ya HRP2: kuzithibitisha, kuzizimua na kuzitunza

ELISA ni kipimo cha rangi kinachofanyika kwenye sahani yenye visima, na hapa kinatafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria. Lebo ya kichupa cha kingamwili ya HRP2 hutaja kloni (ukoo wa seli uliotoa kingamwili hiyo), kiwango kwa mililita, na kwamba kingamwili hiyo ni mahsusi kwa HRP2. Mambo mawili ya kwanza kwa kawaida naweza kuyachukua kama yalivyo. Hilo la tatu ni lako kulithibitisha, kwenye sahani yako, kwa bufa zako (vimiminika vya kuzimulia na kuoshea) na kwa sampuli za aina unayopima. Kwa protini hii ya malaria tuna bahati ambayo wenzetu wanaopima protini za binadamu huihangaikia sana: kuna vimelea vya Plasmodium falciparum ambavyo vimeshapoteza jeni yake vyenyewe, na vinakua vizuri tu maabara.

Kwanza tuweke majina sawa. HRP2 ni protini ya kimelea yenye histidini nyingi, ndiyo ile inayotafutwa na mRDT nyingi, yaani vipimo vya haraka vya malaria. HRP isiyo na namba ni peroksidesi, kimeng'enya kinachobandikwa kwenye kingamwili ili kisima kitoe rangi. Kwa hiyo ukiona "anti-HRP2-HRP" kwenye katalogi, si kosa la uchapaji. Lakini oda iliyoandikwa "anti-HRP" itakuletea kingamwili ya peroksidesi, na utakuwa umesubiri mzigo bure. Soma oda mara mbili kabla haijaenda kwa mhasibu.

Sehemu kubwa ya HRP2 ni vipande vifupi vya histidini na alanini vinavyojirudia, kama AHHAHHAAD. Kutokana na marudio hayo, kingamwili nyingi za kloni moja zinaweza kushika molekuli moja ya HRP2 kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kloni ileile inaweza kutumika kunasa (ikiwa imepakwa kwenye kisima) na pia kutambua (ikija juu ikiwa imebandikwa peroksidesi), jambo ambalo kwa protini ya kawaida haliwezekani, kwani ya kunasa ingekuwa imeshaziba mahali pa kushikia. Ubaya wake ni kwamba idadi ya marudio hutofautiana kati ya kimelea na kimelea. Nanogramu moja ya HRP2 kutoka kwa mgonjwa mmoja inaweza kutoa rangi tofauti na nanogramu moja ya mwingine. Ripoti inayotaja nanogramu bila kutaja kiwango rejea kilichotumika, yaani HRP2 ya kulinganishia yenye kiasi kinachojulikana, haiwezi kulinganishwa na ya maabara nyingine. WHO ina kiwango rejea cha kimataifa cha antijeni za falciparum, kinachotolewa na NIBSC, taasisi ya viwango vya kibiolojia ya Uingereza. Ukiweza kukipata, linganisha nacho kiwango chako cha kila siku.

Halafu kuna HRP3, ndugu wa HRP2, mwenye marudio yanayofanana nayo sana. Kingamwili nyingi za HRP2 humshika huyu pia. Hapo ndipo vimelea vya maabara vinapokuwa na thamani. 3D7 ina jeni zote mbili. Dd2 haina hrp2 ila ina hrp3. HB3 ina hrp2 ila haina hrp3. Na 3BD5, iliyozaliwa kwa kuzalisha Dd2 na HB3 pamoja, haina hata moja. Kuza zote nne, zilete hadi asilimia moja ya seli nyekundu ziwe zimeambukizwa, vimelea vingi vikiwa trofozoiti (hatua ya kimelea kinachokua ndani ya seli), kisha osha seli kwa PBS (bufa ya chumvi na fosfeti) mara tatu. Usiruke kuosha, kwa sababu kimelea humwaga HRP2 nje na kimiminika cha kukuzia huwa kimejaa. Zipasue kwa kugandisha na kuyeyusha mara tatu. Andaa vilevile seli nyekundu zisizo na kimelea kutoka kwenye mfuko uleule wa damu. Zimua kila kimoja nusu kwa nusu mara nane kisha pima.

Kusoma majibu kunataka utulivu. Rangi ya 3D7 na HB3 ndiyo unayoitarajia. Rangi ya Dd2 ni HRP3, na kiasi chake ukilinganisha na 3D7 kinakuonyesha kingamwili yako inaishika HRP3 kwa nguvu gani. Rangi yoyote ya 3BD5 inayozidi ile ya seli zisizo na kimelea ni kitu kingine cha kimelea kinachoshikwa, na hapo kloni hiyo mimi naiacha. 3BD5 na seli zisizo na kimelea zikiwaka sawasawa, usikimbilie kuilaumu kingamwili: hemoglobini yenyewe hufanya kazi kama peroksidesi dhaifu na inaweza kuigeuza TMB, kitendanishi cha rangi cha peroksidesi, kuwa bluu. Visima visivyowekwa kingamwili ya kutambua ndivyo vitakavyokuamulia. Vikiwa na rangi navyo, tatizo ni damu iliyobaki baada ya kuosha.

Hili lina uzito nje ya maabara. Mwaka 2010 watafiti waliripoti vimelea visivyo na hrp2 kwenye Amazoni ya Peru, na baadaye Eritrea ikakutwa na vingi. WHO inashauri nchi ibadilishe aina ya mRDT pale ambapo majibu hasi ya uongo yanayosababishwa na kupotea kwa jeni hizo yamezidi asilimia 5. Anayetumia ELISA kuchuja sampuli za uchunguzi wa namna hiyo lazima ajue kama kingamwili zake zinaiona HRP3. Mgonjwa mwenye vimelea vingi visivyo na hrp2 anaweza kuonekana ana HRP2 kidogo, kumbe ni HRP3 tupu.

Sasa viwango vya kutumia. Karatasi inayokuja na kichupa husema, kwa mfano, 1:1000. Namba hiyo haina maana bila kujua kichupa kina kiasi gani. Fanya hesabu zako zote kwa mikrogramu kwa mililita. Kisha tengeneza sahani ya mkingamo, inayokutanisha kila kiwango cha ya kunasa na kila kiwango cha ya kutambua, ambayo inaenea vizuri kwenye visima 96. Gawa safu wima kumi na mbili katika makundi manne ya safu tatu, upake kingamwili ya kunasa kwa 4, 2, 1 na 0.5 µg/ml, mikrolita 100 kila kisima, usiku kucha kwenye 4°C. Mimi hutumia PBS ya pH 7.4, bufa ya kaboneti ya pH 9.6 inafaa pia, ila usibadilishe katikati ya mradi. Kila kundi linahitaji mililita 2.4, kwa hiyo changanya 2.7. Jumla utatumia takriban mikrogramu 20, yaani sehemu ya tano ya kichupa cha mikrogramu 100. Si hasara, kwa sababu mara nyingi utagundua kwamba nusu ya kiwango ulichokuwa ukitumia inatosha.

Osha mara tatu kwa PBS yenye Tween-20 asilimia 0.05, ziba kwa BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 2 kwa saa moja, mikrolita 200. Ndani ya kila kundi, safu ya kwanza weka bufa tupu, ya pili HRP2 ya 1 ng/ml, ya tatu 10 ng/ml. Baada ya saa moja na kuosha tena, weka kingamwili ya kutambua kwa mistari: ukianza na 1 µg/ml mstari wa kwanza, shuka nusu kwa nusu hadi mstari wa saba, na wa nane usiweke kabisa. Saa moja nyingine, osha mara tano, TMB mikrolita 100 gizani kwa dakika kumi, simamisha kwa mikrolita 50 za asidi ya salfyuriki ya 1 M, soma kwenye nanomita 450 papo hapo.

Usichague kisima chenye rangi kali zaidi. Gawanya namba ya 1 ng/ml kwa namba ya bufa tupu ya jozi hiyohiyo, na uchague pale jibu linapokuwa kubwa huku bufa tupu ikiwa chini ya 0.1. Wengi hupandisha kingamwili ya kutambua ili kupata rangi nzuri, na matokeo yake kisima kitupu kinapanda kwa kasi zaidi kuliko cha 1 ng/ml.

Sampuli za watu huleta mambo yake. Seramu ya baadhi ya watu ina kipengele cha rumatoidi, kingamwili inayoshika kingamwili nyingine, nayo huunganisha ya kunasa na ya kutambua hata kama HRP2 haipo. Ongeza IgG ya panya isiyolenga chochote kwenye bufa ya kuzimulia, kisha rudia sampuli yenye mashaka. Ikizimika, haikuwa HRP2. Upande wa pili, mgonjwa mwenye vimelea vingi sana anaweza kutoa rangi ndogo kuliko inavyostahili, kwa sababu ya prozoni: HRP2 imekuwa nyingi kiasi cha kujaza ya kunasa na ya kutambua kila moja peke yake, hata zisikutane, hasa sampuli na ya kutambua zikikaa pamoja kisimani bila kuosha katikati. Pima kila sampuli kwa mizimuo miwili iliyo mbali, tuseme 1:10 na 1:500. Zidisha kila namba kwa mzimuo wake, na ukikuta ya pili inaipita ya kwanza kwa mbali, chukua ya pili.

Kuhusu protini rejea ya unga: zungusha kichupa kwenye sentrifyuji kabla ya kukifungua, maana sehemu ya unga huwa imekwama kwenye kifuniko. Yeyusha bila kutikisa kwa nguvu, subiri dakika 20, ugawe pamoja na BSA asilimia 0.1, la sivyo ukiizimua hadi nanogramu itabaki imenata kwenye kuta za kichupa. Usipime kiasi chake kwa mwanga wa nanomita 280. HRP2 ina uhaba mkubwa wa asidi amino zinazofyonza mwanga huo, na namba utakayopata itakudanganya.

Kutunza. Kingamwili tupu igawe kwenye mikrolita 20 kila kichupa na uiweke -20°C, kwenye friza isiyojiyeyusha barafu yenyewe. Umeme ukikatika mara kwa mara, changanya na gliseroli nusu kwa nusu, haitaganda kwenye -20. Lakini kumbuka kiwango kimeshuka: iliyokuwa 1 mg/ml sasa ni 0.5, andika hivyo kwenye kifuniko siku hiyohiyo. Iliyobandikwa peroksidesi isigandishwe, ikae 4°C gizani. Kama ya kunasa ni IgM (aina kubwa ya kingamwili), nayo isigandishwe bila gliseroli. Ni molekuli kubwa ya takriban kDa 900 na hujikusanya kuwa vipande vyeupe ikiyeyuka.

Sodiamu azaidi ni adui wa peroksidesi. Inahifadhi kingamwili tupu vizuri kwa asilimia 0.02, lakini ikiingia kwenye bufa ya kuoshea au ya kuzimulia kiunganishi (kingamwili iliyobandikwa peroksidesi), sahani nzima inafifia bila sababu inayoonekana. Ukiona kiwango cha juu kabisa kimetoa rangi hafifu na visima vitupu ni safi mno, kagua chupa za bufa kwanza. Na usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, kwani hutengeneza chumvi zinazolipuka.

Maelekezo mengi yanayosema "joto la chumba" yaliandikiwa chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari benchi haliko hapo, na TMB inakwenda mbio. Tumia inkubeta, usirundike sahani juu ya nyingine, na acha vitendanishi vitoke baridi kabla ya kuviweka. Vinginevyo visima vya pembeni vitapata joto haraka na kutoa namba kubwa kuliko vya katikati.

Bechi mpya ikija, usiitumie bado. Bakiza vichupa vitatu vya bechi ya zamani kwa kazi hii tu. Weka bechi zote mbili kwenye sahani moja, mkunjo mzima wa kiwango rejea pamoja na sampuli kumi ulizozihifadhi, tano zikiwa na HRP2 kidogo. Mimi nakubali tofauti isiyozidi asilimia 20 kwenye kila sampuli. Ikizidi, rudi kwenye sahani ya mkingamo kwa bechi hiyo, na kwenye daftari anza ukurasa mpya wenye namba yake.