Bujora: anzia kwenye nyumba ya nyasi

Wengi wakifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, hukimbilia ngoma. Siwalaumu: jumba la watemi, yaani machifu wa Kisukuma, zinamokaa ngoma hizo, limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi na linapendeza kwenye picha. Lakini mimi kazi yangu ni majengo ya asili, na wanafunzi wangu huwaanzisha kwenye nyumba ya msonge, ile ya duara yenye paa la nyasi.

Tazama kwanza mwinuko wa paa. Mvua za kanda ya ziwa hushuka kwa kishindo, na maji yakituama juu ya nyasi, zinaoza. Kwa hiyo paa limesimama ili maji yateremke upesi. Fito zimefungwa kwa kamba, si kwa misumari, kwa hiyo upepo ukivuma paa hucheza kidogo bila kuvunjika.

Sasa ingia, inua macho. Hakuna dohani. Moshi wa mafigani ulipanda, ukazagaa chini ya paa, ukapenya katikati ya nyasi na kutoka taratibu. Njiani ulifanya kazi: ulikausha nyasi, ukafukuza wadudu, ukapaka fito masizi. Hata mtama wa mbegu uliotundikwa juu ya moto ulipona fukusi. Wageni wakisikia hivyo hulalamika kwamba macho yaliwauma wenyeji. Yaliwauma kweli, na vifua pia, sitaki kuyapamba maisha ya zamani.

Ila hapo ndipo ugumu wa kuhifadhi nyumba za namna hii ulipo. Nyumba isiyolaliwa haipikiwi, na isiyopikiwa haina moshi. Unyevu unabaki, mchwa wanapanda, na paa linadai kuezekwa upya mapema kuliko lile la bibi aliyepika humo kila jioni. Ningekuwa na sauti, moto ungewashwa humo mara kwa mara, na mtu akae kando na ndoo ya maji.

Ukitoka, pita kanisani. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho haya mwaka 1968, alilichukulia kanisa la Bujora umbo la nyumba ya Kisukuma. Duara lilelile, ukubwa mwingine kabisa.

Kutoka Mwanza panda daladala za Kisesa, barabara ya Musoma, kisha bodaboda. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kucheza. Raha tupu, lakini kwa umati ule nyumba hutaiona vizuri. Nenda siku ya kazi, asubuhi.