Miwani ya Usalama kwa Wanaofanya Kazi Kwenye Baridi Kali

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili waliohamia Minnesota, Maine na Canada wameajiriwa katika kazi ambazo hazisimami majira ya baridi yanapoingia, kama vile ujenzi, uzoaji wa theluji, na upakiaji wa mizigo kwenye maghala ambayo milango yake hufunguliwa mchana kutwa. Miwani iliyowafaa mwezi Agosti huanza kuwasumbua mwezi Januari, na kinachoiharibia kazi zaidi ni pumzi ya mvaaji mwenyewe.

Hewa tunayoitoa ina joto na unyevu mwingi. Mtu akifunika pua kwa skafu, hewa hiyo hukosa pa kutokea, hupanda juu kandokando ya pua, na inapogusa lenzi iliyopoa hugeuka matone madogo ambayo kwenye baridi kali huganda palepale. Anayetoka nje na kuingia ghalani hupatwa na jambo hilohilo, kwa kuwa lenzi yake bado ni ya baridi ilhali hewa ya ndani ina unyevu. Asiyeona mbele huvua miwani, na wengi huivua wakati huohuo ambapo mwenzao anavunja barafu kwa mtaimbo hatua chache kutoka walipo. Kwa hiyo nashauri kwamba anayechagua miwani ya baridi aanze na suala la ukungu, kisha ndipo aangalie mengine.

Kiwango cha Marekani cha miwani ya usalama ni ANSI Z87.1, na toleo lake la mwaka 2020 liliongeza alama ya herufi X kwa lenzi zilizofaulu kipimo cha kuzuia ukungu. Nyingi ya lenzi hizo zina utando unaoyatandaza maji yawe tabaka jembamba linalopitisha mwanga, badala ya kuyaacha yajikusanye kuwa matone. Utando huo huchubuka upesi ukifutwa mkavu kwa glavu au kwa mkono wa koti. Ni afadhali kuosha lenzi kwa maji ya uvuguvugu na kuikausha kwa kitambaa laini, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Panapovuma upepo unaobeba chembe za barafu, miwani ya kawaida yenye mikono huacha mianya mingi pembeni, hivyo inafaa kutumia ile inayoziba macho pande zote na kushikwa kwa mkanda. Iliyo bora kwa baridi ina lenzi mbili zenye hewa katikati, maana lenzi ya ndani hubaki na joto linalokaribia lile la uso, na matundu yake ya hewa yamekingwa ili theluji isipenye moja kwa moja. Ijaribu ukiwa umevaa kofia ngumu, kofia ya sufu na kitambaa cha uso utakavyovitumia kazini, kwa sababu sufu ikiingia chini ya ukingo wa miwani hufungua njia ya pumzi. Fremu ya nailoni ni salama zaidi kuliko ya chuma, kwani chuma hunyonya joto la ngozi na kinaweza kuiumiza.

Kuhusu ugumu, tafuta alama ya Z87+. Alama hiyo ya kujumlisha huonyesha kwamba lenzi imestahimili, pamoja na majaribio mengine, kupigwa na gololi ya chuma ya milimita 6.35 iendayo mita 45.7 kwa sekunde. Mashine ya kurusha theluji huokota kokoto pamoja na theluji, na miwani ya jua ya dukani haikutengenezwa kwa ajili ya kishindo hicho. Canada ina kiwango chake, CSA Z94.3.

Jambo ambalo wanunuzi hulikosea sana ni rangi ya lenzi. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua, ilhali nyasi hurudisha chini ya asilimia 10. Jicho lisilokingwa huungua konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na maumivu, machozi na hisia ya mchanga jichoni huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi mtu akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Hata hivyo, weusi wa lenzi si kipimo cha kinga. Polikaboneti, plastiki ngumu ya lenzi, hata isiyo na rangi huzuia karibu mionzi hiyo yote, na alama ya U6 ndiyo inayothibitisha kiwango cha juu cha kinga hiyo. Rangi hupunguza mng'aro tu, na mjini Minneapolis, ambako mwezi Desemba jua huzama yapata saa kumi na nusu jioni, lenzi nyeusi huwa hatari kabla ya zamu kwisha. Lenzi zinazobadilika rangi nazo huchelewa kurudi kuwa angavu kwenye baridi, hivyo anayeingia ndani huendelea kuona giza katikati ya magari ya kunyanyulia mizigo. Ni vyema kuwa na miwani miwili, yenye rangi na isiyo na rangi.

Kanuni za OSHA, wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia usalama kazini, humtaka mwajiri agharamie miwani ya usalama ambayo kazi inaihitaji. Miwani ya usalama ya kawaida yenye lenzi za daktari, ambayo mfanyakazi anaruhusiwa kuivaa nje ya kazi, haimo katika sharti hilo, lakini asiyemudu kuinunua anaweza kuomba miwani ya kuziba inayovaliwa juu ya ile ya daktari.