Aliingia kwa mlango gani? Kuhusu Waafrika na Waarabu waliohamia ughaibuni

Kila nikimaliza mhadhara kuhusu uhamiaji, hakosekani mtu wa kuniuliza: kati ya Waafrika na Waarabu waliohamia Ulaya na Marekani, ni nani waliofanikiwa zaidi? Mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari. Mmoja amesikia kwamba Wanigeria ni kati ya wahamiaji wenye elimu kubwa nchini Marekani. Mwingine anazijua koo za Kilebanoni zilizotajirika Amerika ya Kusini. Wa tatu ameona kwenye televisheni magari yakiteketea katika vitongoji vya Paris, na picha hiyo imemtosha.

Wote watatu wameona jambo la kweli. Tatizo liko kwenye makapu mawili wanayotaka tuwatie watu hawa. Mimi hushinda na takwimu hizi, na nasema bila kusita kwamba tofauti zilizomo ndani ya kila kapu ni kubwa kuliko tofauti ya kapu moja na jingine. Nalisisitiza hili kwa sababu wastani wa jumla una madhara. Mwenye nyumba ya kupangisha huusikia, mwajiri huusikia, mwalimu huusikia, kisha humpimia nao mtu aliyesimama mbele yake.

Tuyatazame kwanza makapu yenyewe. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina wanachama 22, na 10 kati yao wako Afrika: Algeria, Djibouti, Komoro, Libya, Mauritania, Misri, Moroko, Somalia, Sudan na Tunisia. Basi Msudani utamweka wapi? Msomali je, ambaye nchi yake imo katika Jumuiya hiyo ilhali lugha yake ni Kisomali? Mmisri ni Mwafrika kwa ardhi na Mwarabu kwa lugha, na katika fomu za serikali ya Marekani amehesabiwa miaka yote kuwa mzungu.

Hili la mwisho huwashangaza wengi, nalo lina historia yake. Tangu 1870 sheria ya Marekani iliruhusu uraia wa kuandikishwa kwa wazungu na kwa watu wa asili ya Afrika. Wahamiaji waliotoka Syria na Lebanon, wakati huo zikiwa chini ya dola ya Uthmaniya, walilazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba wao ni wazungu. Mwaka 1915 mahakama ya rufaa ilimkubalia mmoja wao, George Dow. Uamuzi wa aina hiyo uliwafungulia wengine njia ya uraia, lakini pia uliwazamisha Waarabu ndani ya hesabu ya wazungu, hata leo mtafiti anayetaka kujua kipato chao hulazimika kuwachambua kwa nchi ya kuzaliwa, lugha au asili ya ukoo.

Uingereza na Wales waliweka kisanduku cha "Mwarabu" kwenye sensa kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Katika sensa ya 2021 waliokitia alama walikuwa kama 332,000, na waliojitaja kuwa weusi wa asili ya Afrika wakakaribia milioni 1.5. Ufaransa haiulizi rangi wala kabila. Watafiti wa huko hutumia nchi alikozaliwa mtu na walikozaliwa wazazi wake, kwa hiyo mjukuu wa Mualjeria hutoweka kwenye majedwali ingawa jina lake na uso wake havijatoweka machoni pa majirani. Nchi tatu, vipimo vitatu. Anayechukua namba ya London akailinganisha na ya Paris anachanganya mchele na chuya.

Sasa tuingie Marekani, ambako data ni nyingi. Miongoni mwa watu wazima waliozaliwa Nigeria, zaidi ya nusu wana shahada ya kwanza au zaidi. Waliozaliwa Misri vivyo hivyo. Kwa wazaliwa wa Marekani ni kama theluthi moja. Kisha tazama waliozaliwa Somalia: wenye shahada hawafiki mtu 1 kati ya 5, na waliotoka Yemen nao ni wachache. Mnigeria anafanana na Mmisri, Msomali anafanana na Myemeni. Ukichukua wastani wa "Waafrika" na wastani wa "Waarabu" utapata namba mbili zisizomwelezea yeyote kati ya hawa wanne.

Kinachowatenganisha ni mlango. Sheria ya 1965 ilifuta mgawo wa nafasi uliowapendelea watu wa Ulaya, ikatanguliza jamaa wa familia na wenye ujuzi. Sheria ya 1990 ikaleta bahati nasibu ya viza, inayomtaka mshindi awe na elimu ya sekondari au uzoefu wa kazi. Wanigeria na Wamisri wengi walipitia milango hii pamoja na mlango wa vyuo vikuu. Yaani walichujwa kabla ya kupanda ndege: aliyefika ni yule aliyesoma, aliyekuwa na nauli, aliyejua kujaza fomu. Msomali wa miaka ya 1990 alikimbia vita. Alipita kambini, na watoto wake wakapoteza miaka ya shule wakisubiri. Mlango wa ukimbizi hauulizi shahada, na haupaswi kuiuliza.

Nguvu ya mchujo huo huonekana ukifuata watu wa eneo moja hadi nchi mbalimbali. Kituo cha utafiti cha Pew kilipitia data za 2015 za wahamiaji kutoka kusini mwa Sahara wenye umri wa miaka 25 na zaidi. Marekani, asilimia 69 walikuwa wamepata angalau masomo kiasi baada ya sekondari. Uingereza asilimia 49. Ufaransa 30. Italia 10. Bara lililowatoa ni lile lile. Bahari inayovukwa, gharama ya safari na aina ya kibali ndivyo vinavyopanga nani afike wapi.

Kwa Waarabu utaona mambo hayo hayo. Kati ya miaka ya 1880 na 1924 watu wengi wa Mlima Lebanon, wengi wao Wakristo, walivuka Atlantiki. Walianza kama wachuuzi: sanduku mgongoni lenye vitambaa, sindano, vifungo na rozari, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji. Amerika ya Kusini waliitwa Waturuki kwa sababu ya pasi zao za Uthmaniya. Walikuta nchi zinazokua, zenye njaa ya bidhaa na maduka machache, na vizazi vyao vilikuwa na muda. Carlos Menem, mtoto wa wahamiaji kutoka Syria, aliiongoza Argentina kuanzia 1989 hadi 1999. Michel Temer, mtoto wa Walebanoni, alikuwa rais wa Brazil 2016 hadi 2018.

Mualjeria aliyefika Ufaransa miaka ya 1950 alikuta mambo mengine kabisa. Aliitwa kwa ajili ya misuli yake: viwanda vya magari kama Renault pale Boulogne-Billancourt, migodi, ujenzi wa barabara. Wengi walilala kwenye vibanda vya mabati na mbao huko Nanterre. Kando yao walikuwako Wasoninke na Watukulori kutoka bonde la Mto Senegal, waliojazana kwenye mabweni ya wafanyakazi. Mwaka 1974 Ufaransa ilisimamisha kuleta wafanyakazi kutoka nje, kisha viwanda vikaanza kupunguza watu. Baba akapoteza kazi ile ile aliyoletewa, wakati familia ndiyo kwanza imehamia kwenye majengo marefu ya pembezoni mwa mji, mbali na ajira mpya. Mtoto wa Mualjeria na mtoto wa Mmali walikulia ngazi moja ya jengo moja. Tarehe 27 Oktoba 2005, vijana wawili waliokuwa wakiwakimbia polisi huko Clichy-sous-Bois walikufa kwa umeme ndani ya kituo kidogo cha kupozea umeme, na Ufaransa ikawaka kwa wiki tatu. Mmoja, wa miaka 17, familia yake ilitoka Tunisia. Mwenzake, wa miaka 15, familia yake ilitoka Mauritania. Najiuliza huwa ningewaweka kwenye safu mbili tofauti za jedwali kwa faida ya nani.

Je, asili, rangi na dini havina uzito basi? Vina uzito mkubwa, na hapa nataka tutulie kidogo.

Mwaka 2009 watafiti watatu, Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort, walitaka kujua kama mtu anabaguliwa Ufaransa kwa asili yake au kwa dini yake. Wengi walikuwa wakilinganisha Waarabu Waislamu na Wafaransa wazawa, na hapo huwezi kujua kilichosababisha ni kipi. Wao wakatafuta jamii moja yenye dini mbili. Waliipata Senegal, miongoni mwa Waserer na Wajola, ambako kuna Waislamu na Wakristo, na ambao walihamia Ufaransa wakati mmoja kwa sababu zinazofanana. Wakaandaa maombi ya kazi ya wasichana wawili wa kubuni, elimu sawa, uzoefu sawa, uraia wa Ufaransa, na jina la ukoo moja la Kisenegali: Diouf. Mmoja wakamwita Marie, na wasifu wake ukaonyesha amewahi kufanya kazi na shirika la hisani la Kikatoliki. Mwingine wakamwita Khadija, naye shirika lake likawa la Kiislamu. Marie aliitwa kwenye usaili mara 2.5 zaidi ya Khadija.

Tafakari karatasi hizo mbili juu ya meza ya mwajiri. Wote wawili ni Waafrika weusi kwa jina lao la ukoo. Hakuna Mwarabu hata mmoja. Kilichomfungia Khadija mlango ni kile kile kinachomfungia binti wa Kimoroko, ilhali kwenye takwimu za "Waafrika dhidi ya Waarabu" Khadija na Marie wangejumlishwa pamoja na tofauti yao ingefutika.

Marekani kuna ushahidi wa namna nyingine. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wanauchumi walipima mishahara ya wanaume wa Kiarabu na Kiislamu wakakuta imeshuka kwa takriban sehemu 1 ya 10. Elimu yao haikuwa imeshuka. Mwezi Januari 2017 amri ya rais ilipozuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia, Sudan na Libya zilikuwa kwenye orodha moja na Iraki, Syria, Yemen na Iran. Siku chache baadaye, Februari 2, Wayemeni wenye maduka ya mitaani jijini New York walifunga milango zaidi ya 1,000 kupinga. Kwa Mwafrika mweusi kuna mzigo mwingine juu ya huo, wa rangi, unaomkuta hata akiwa Mkristo na daktari, hasa anapotafuta nyumba au anaposimamishwa barabarani na polisi.

Sera ya nchi mwenyeji nayo inaweza kuwapanga watu upya kabisa. Ujerumani ilipopokea wakimbizi wengi mwaka 2015, iliwafungulia kozi za lugha wale tu ambao walionekana wana nafasi nzuri ya kupewa hifadhi, kwa kuangalia nchi walikotoka. Mwaeritrea na Msiria waliingia darasani huku maombi yao yakiendelea kushughulikiwa. Mnigeria na Mmoroko walisubiri nje. Mwafrika na Mwarabu ndani, Mwafrika na Mwarabu nje. Mtu asiyejua lugha kwa mwaka mzima hapati kazi mwaka huo, na pengo hilo humfuata kwenye kila jedwali la baadaye.

Suala la vyeti lina uzito huo huo. Ujerumani ilihitaji madaktari, ikaweka mitihani ya kuwatambua waliosomea nje, na leo Wasiria zaidi ya 5,000 ni madaktari huko, kundi kubwa kuliko wageni wengine wote katika taaluma hiyo. Kule Quebec, jimbo la Kanada linalochagua wahamiaji wake na kupendelea wanaojua Kifaransa, Wamaghreb (watu wa Algeria, Moroko na Tunisia) wenye shahada wamekuwa na ukosefu wa ajira ulio juu sana kuliko elimu yao inavyostahili, kwa sababu vyama vya taaluma na waajiri husitasita kuvikubali vyeti vyao. Mhandisi akiwa kwenye usukani wa teksi, hesabu ya kipato humwonyesha kama maskini na hesabu ya elimu humwonyesha kama msomi.

Pengo moja kati ya makundi haya mawili nalikubali kuwa lipo. Nchini Marekani, wanawake kutoka kusini mwa Sahara huajiriwa kwa wingi, hasa katika uuguzi na utunzaji wa wagonjwa na wazee, kuliko wanawake kutoka nchi za Kiarabu. Nyumba yenye mishahara miwili haiwezi kulingana na yenye mmoja. Upande wa pili, Waarabu wamekuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kujiajiri. Hata hapo, Mlebanoni aliyezaliwa Michigan na Myemeni aliyefika juzi hawafanani.

Mwezi Machi 2024 serikali ya Marekani ilibadilisha fomu zake. Sasa kutakuwa na kisanduku cha watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Mmisri atatoka kwa wazungu na kuingia humo. Msomali ametajwa kama mfano kwenye kisanduku cha weusi, kwa hiyo atabaki alipo. Hata wakiishi jengo moja na watoto wao wakipanda basi moja la shule, watahesabiwa katika safu mbili tofauti, na kipato cha "Waarabu" na cha "wazungu" vitabadilika kwenye vichwa vya habari bila mshahara wa mtu yeyote kuongezeka hata senti.